Picha za wanaanga wakiwa kazini mwezini: mbona nyingi zimepinda na Armstrong haonekani?

binti_kamera

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Mimi kazi yangu ni picha, harusi, sendofu, kipaimara, pasipoti saizi, zote napiga, kwahiyo nikiona picha siwezi kuiangalia kama mtu mwingine anavyoiangalia, jicho linakimbilia makosa kwanza. Sasa nimekaa na picha za wale wanaanga wa Apollo waliotembea mwezini, sio zile tano sita tulizozoea kwenye makalenda na vitabu vya shule, hapana, nimeingia zile zote, filamu nzima nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na kusema ukweli nimeshangaa. Fremu kibao zimepinda. Huyu kakatwa miguu, yule kakatwa kichwa. Nusu ya picha watu wamegeuza mgongo au wameinama wanahangaika na kitu huko chini, sura hazionekani kabisa ni kioo cha dhahabu tu. Halafu kuna rundo la picha za udongo mtupu na jiwe moja moja, jiwe hilohilo limepigwa mara tatu nne, na pembeni yake kuna kidude fulani cha miguu mitatu chenye kijiti katikati, kila ukigeuka kipo.

Kingine kilichoniumiza kichwa, huyu Armstrong si ndo wa kwanza? Mbona kila picha nzuri ya Apollo 11 ukisoma maelezo unaambiwa ni mwenzake Aldrin? Yaani mtu umetoka kwako mpaka mwezini halafu picha ya maana ya kuwaonyesha wajukuu huna? Na wote wamevaa sawasawa kichwani mpaka miguuni, nyie mnawatofautishaje?

Naombeni majibu ya kueleweka. Ile mada ya "walipigia studio" naomba tuiache kwa leo, studio ninayo mimi na naijua ilivyo.

Nyotamkia

Dada umeuliza kitu ambacho wengi hawakioni kwasababu wakishaziona zile kumi maarufu wanaridhika. Maswali yako yote yana jibu moja tu, wale jamaa walikuwa kazini. Kamera ilikuwa kifaa cha kazi kama nyundo na koleo walizobeba, na kila dakika ya kukaa nje ilikuwa imeshapangiwa shughuli huko Houston, kwenye kituo cha NASA kilichoongoza safari, miezi kabla.

Anza na kamera yenyewe. Ni Hasselblad ya Sweden, filamu ya upana wa milimita 70, lenzi ya Zeiss milimita 60, ina mota ya kuvuta filamu yenyewe, na nje imepakwa rangi ya fedha ili jua lisiichemshe. Sasa we kama mpiga picha jiandae, HAIKUWA NA TUNDU LA KUCHUNGULIA. Ungechunguliaje wakati kichwa kipo ndani ya helmeti? Kwahiyo kamera ilikaa kifuani, imeshikizwa kwenye kile kiboksi cha kuendeshea mtambo wa hewa wanaoubeba mgongoni, ukitaka kupiga kitu unageuza kiwiliwili chote kukiangalia unabonyeza unaomba Mungu. Fokasi ilikuwa na vituo vitatu, karibu, kati na mbali, umbali unaukadiria kwa macho. Shata karibu muda wote 1/250 ya sekunde, tundu la lenzi unabadilisha kufuatana na jua, likiwa mgongoni kwako f/11, ubavuni f/8, ukipiga kuelekea jua au kwenye kivuli f/5.6, na maelekezo yalibandikwa palepale juu ya kasha la filamu. Yote hayo unafanya na glavu zilizojaa hewa ambazo kila ukikunja vidole zinataka kukunjuka, mpaka wengine walirudi kucha zimekuwa nyeusi. Kwa hali hiyo mimi nashangaa zilizonyooka, zilizopinda wala hazinishangazi.

Haya, Armstrong. Apollo 11, Julai 1969, walikaa nje kama saa mbili na nusu tu na kamera ya Hasselblad waliyotoka nayo ni moja. Muda mwingi alikuwa nayo Armstrong. Mwenye kamera haonekani, hilo we unalijua kuliko mimi, sijui kama kwenye harusi ya ndugu yako umewahi kutokea kwenye albamu. Ile picha maarufu kuliko zote, namba AS11-40-5903, Aldrin kasimama kaielekea kamera, Armstrong yupo humo, kuza kwenye kioo cha helmeti ya Aldrin utamwona kadogo keupe. Na hata hiyo maarufu original yake imepinda na kichwa cha Aldrin kimegusa ukingo wa juu kabisa, zile mnazoziona kwenye mabango zimenyooshwa na juu wakaongezea weusi ili apumue.

Aldrin naye alishika kamera kwa muda, ila alipewa kazi zake. Ile picha ya unyayo kwenye vumbi ambayo watu wanaitungia mashairi ilikuwa kipimo cha udongo, alipiga kwanza sehemu ambayo haijaguswa, akakanyaga, akatoa mguu, akapiga tena, wataalamu waone udongo unashika kiasi gani na unabonyea vipi. Baadae akapiga picha za kuzunguka ili ziungwe ziwe panorama, na katika kuzunguka huko akamnasa Armstrong yuko pembeni ya chombo, kageuza mgongo, anahangaika na vifaa. Hiyo ni AS11-40-5886. Ndo picha ya mgando (sio video) pekee ya maana inayomwonyesha Armstrong mwili mzima akiwa mwezini, na ilikaa miaka watu wakiamini haipo kabisa mpaka miaka ya 1980 ndo ikatambuliwa kwamba yule ni yeye.

Kuwatofautisha: kwa Apollo 11 na 12 ni kazi kwelikweli, unalinganisha mpangilio wa filamu na maongezi ya redio, nani alisema "nakuachia kamera" saa ngapi. Walipoona shida hiyo wakaamua kamanda avae mistari myekundu kwenye helmeti, mikono na miguu. Suti za mistari zilitengenezwa kwa ajili ya Apollo 13 ambayo kama mnavyojua haikutua, kwahiyo mwezini ilionekana mara ya kwanza kwa Alan Shepard wa Apollo 14, Februari 1971. Kuanzia hapo ukiona mistari myekundu huyo ni kamanda, asiye nayo ni mwenzake, basi.

Sidanganyiki

Endeleeni kudanganyana tu humu. Mi nina maswali machache msiruke ruke. Moja, nyota ziko wapi, anga jeusi tii halafu hamna hata moja. Mbili, kuna vimisalaba vidogo kwenye picha zote, sehemu nyingine kimisalaba kimepita NYUMA ya kitu, maana yake picha imebandikwa. Tatu, vivuli vinaenda pande tofauti, hizo ni taa mbili au tatu. Nne, mwezini mchana joto linapita la maji yanayochemka, filamu ya plastiki inaponaje.

binti_kamera

Kaka nilisema tuiache lakini kwa kuwa umeingia kwenye kamera ngoja nikujibu mwenyewe.

Nyota: si umeona hapo juu mipangilio waliyotumia? 1/250 f/8 juani. Hiyo ni mipangilio ya mchana kweupe, nyota ya kawaida inataka shata ikae wazi masekunde. Chukua simu yako usiku nenda kwenye setingi za mkono weka 1/250 upige juu uone utapata nini. Na ukiachia shata ili nyota zije, yule mtu mwenye suti nyeupe anageuka doa jeupe tu na ardhi yote inaungua. Mchague kimoja.

Misalaba: nimeiangalia na mimi kwanza ilinisumbua. Ila angalia inapopotea ni wapi, ni juu ya kitu cheupe kilichopigwa na jua tu, mstari wa bendera mweupe, suti, kwenye kijivu haipotei hata siku moja. Nyie mliowahi kutumia filamu mnajua, bi harusi mwenye shela jeupe akisimama juani uzi wote wa urembo unamezwa, weupe unatambaa. Kamstari kembamba keusi kanamezwa vilevile.

Vivuli: lenzi pana kidogo, ardhi ina mabonde na vilima. Zingekuwa taa mbili kila mtu angekuwa na vivuli VIWILI kama kwenye ukumbi wa harusi, nitafutie mwanaanga mmoja mwenye viwili. Hilo la joto namwachia Nyotamkia. Na mimi nauliza, hiyo misalaba kazi yake nini hasa?

Nyotamkia

Hahaha nimekaa pembeni nakula bisi. Misalaba ipo 25, mitano kwa mitano, imechorwa kwenye kioo chembamba ndani ya kamera karibu kabisa na filamu, kutoka mmoja mpaka mwingine ni milimita 10, na wa katikati ni mkubwa kuliko wenzake. Ni ya vipimo. Filamu ikivutika wakati wa kusafishwa au picha ikisafishwa vibaya utaona misalaba imesogea, na ukijua umbali wake unaweza kupima pembe na ukubwa wa vitu vilivyomo kwenye picha. Kamera za mtaani hazina kwasababu bi harusi hapimwi kwa nyuzi.

Joto: walitua asubuhi ya mwezini kila mara, jua likiwa chini, ndo maana vivuli ni virefu hivyo, walikuwa wanataka vivuli ili marubani waone mashimo wakati wa kutua. Ardhi ilikuwa haijafika lile joto la mchana mnalolisoma. Halafu hewa hamna, kwahiyo hamna kitu cha kubeba joto kukizunguka kifaa kukipika, kinachobaki ni miale ya jua na kidogo kinachorudi kutoka ardhini, ile rangi ya fedha inairudisha. Filamu ipo ndani ya kasha la chuma muda wote.

Jiwe_na_Nyundo

Nimechelewa kuiona hii mada jamani. Mimi ni mjiolojia, nipo migodini huku Kanda ya Ziwa, na dada binti_kamera naomba nikubishie kidogo. Hizo ulizoziita picha za udongo mtupu na jiwe moja moja kwangu ndo BORA kuliko zote, ile ya Aldrin kasimama mikono imening'inia ni ya kuwekea wazungu ukutani, kwenye kazi yangu haina faida yoyote.

Kile kidude cha miguu mitatu kinaitwa nomoni. Kijiti cha katikati kinaning'inia huru, kwahiyo miguu hata ikae upande upande kijiti kinanyooka wima chenyewe. Hapo umeshajua wima ni wapi, maana kwa picha zile zilizopinda ungejuaje kama mlima umeinama au ni mtu ameinama? Urefu wa kijiti unajulikana, kwahiyo unajua ukubwa wa jiwe. Kivuli chake kinakuambia jua lilikuwa upande gani. Na kimepakwa vipande vya kijivu kuanzia kilichofifia mpaka kilichokolea na vya rangi, ili wakisafisha filamu Houston wajue rangi ya kweli ya udongo. Kitu kimoja kinajibu mambo manne, mtu aliyekibuni alikuwa fundi.

Sasa utaratibu wao ulikuwa hivi, na ndo maana umeona jiwe hilohilo mara tatu nne. Wanaweka nomoni karibu na jiwe. Mmoja anapiga akiwa na jua mgongoni. Mwingine anapiga akiwa ubavuni mwa jua, anasogea hatua moja pembeni anapiga tena, hizo mbili ukizitazama pamoja kila jicho na yake jiwe linainuka kama lipo mbele yako. Kisha jiwe linachukuliwa linaingia kwenye mfuko wenye namba na namba inasomwa kwenye redio. Halafu wanapiga tena sehemu ileile jiwe likiwa halipo. Mwisho wanapiga moja ya mbali yenye kigari walichokuwa wanaendesha kule au mlima nyuma ili ijulikane yote haya yametokea wapi. Mtu ambaye hajui anaona picha tano za upuuzi, mimi naona kazi iliyofanywa kwa adabu.

Faida yake nini? Jiwe likifika maabara bila picha ni jiwe tu kama ulilookota barabarani. Likiwa na picha unajua upande gani ulikuwa juu na upande gani umelalia udongo, na hilo ni kubwa sana kwa mwezi kwasababu hakuna hewa ya kukinga, upande wa juu umedundwa na vimondo vidogo kama chembe za mchanga na umepigwa na miale ya anga za juu mamilioni ya miaka, wa chini haukupata hayo yote. Unapima unajua jiwe limekaa hapo muda gani bila kugeuzwa. Safari zote sita zilileta kama kilo 382, na hadi leo watu wanarudi kwenye hizohizo picha mbovu kuangalia jiwe lilikuwa limekaaje.

Kama mnataka moja ya kuwaonyesha mnachozungumzia, tafuteni ya Harrison Schmitt wa Apollo 17, Desemba 1972, bonde la Taurus-Littrow. Huyu ndo mwanasayansi pekee kati ya wale 12 waliokanyaga mwezi, mjiolojia mwenzangu (ruhusa ya kujisifu naiomba). Kamanda wake Gene Cernan alimpiga picha Schmitt akiwa pembeni ya jabali lililopasuka vipande, mtu anaonekana kama mtoto. Ukiangalia mlimani kuna mfereji, ni njia ya lile jabali lenyewe, liliporomoka kutoka juu likaacha alama kama gari lililoacha breki, na alama inaonekana mpaka kwenye picha zilizopigwa kutoka angani. Kwahiyo waligonga vipande huku chini karibu na mguu wa mlima lakini wanajua jiwe limetoka sehemu gani ya mlima ambako wasingeweza kupanda. Hiyo kwa mjiolojia ni zawadi.

Na ule udongo wa rangi ya chungwa waliokutana nao kwenye shimo la Shorty, Schmitt alivyopiga kelele kwenye redio kwamba ni chungwa, nani angemwamini bila nomoni kwenye picha? Uliporudi ukakutwa ni vipunje vya kioo cha volkano, vya zaidi ya miaka bilioni 3.

Kingine angalieni uchafu kwenye suti. Siku ya kwanza suti nyeupe, siku ya tatu Schmitt kawa wa kijivu kiunoni mpaka miguuni kama katoka kufyatua matofali. Vumbi la kule halijalainishwa na maji wala upepo, kila chembe ina makali, linang'ang'ania kila kitu, na walisema likiingia ndani ya chombo linanuka kama baruti. Ukichanganya picha za Apollo 17 nikupe uchafu tu nakupangia ipi ilitangulia.

binti_kamera

Daah Jiwe_na_Nyundo umenifanya nirudi kuzitazama zote upya. Kumbe zile za pembeni pembeni zinatazamwa mbilimbili, mi nilidhani mtu kabonyeza kwa bahati mbaya. Na kuna moja nimeiona ya kigari, madigadi ya nyuma imeundwa kwa makaratasi, hiyo nayo ni nini? Ni kweli au mtu kaedit?

Jiwe_na_Nyundo

Kweli kabisa, na ni yaleyale ya vumbi. Cernan nyundo yake ilinasa madigadi ya nyuma kulia ikavunja kipande. Kigari kikitembea bila madigadi vumbi linarushwa juu linawamwagikia wote wawili na vifaa, na nimeshasema lile vumbi lilivyo. Siku ya kwanza wakabandika kile kipande kwa tepu, kikang'oka. Siku ya pili wakaunganisha ramani zao nne kwa tepu wakazibana kwa vibanio vya taa za ndani ya chombo, safari ikaendelea. Hiyo madigadi ya makaratasi walirudi nayo, ipo makumbusho ya Smithsonian huko Washington. Fundi wa gereji yeyote wa kwetu angewapa mkono.

mtu_wa_Ng'ambo

Asalaam alaykum jamani. Mie si mtu wa kamera wala mawe, ila nina masuala mawili. Kwanza babu yetu alikuwa akituhadithia kwamba Unguja zamani kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, sisi tukimcheka. Ni kweli hayo? La pili, ule mkanda wa Armstrong akishuka ngazi, yeye si ndiye wa mwanzo, sasa nani alokuwa chini akimpiga? Na ule wa chombo cha mwisho kikiondoka mwezini na kamera inakifuata juu, nani aliachwa huko?

Nyotamkia

Waalaykum salaam. Babu yenu mngemsikiliza, hakuwaongopea. Kituo kilikuwepo Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1960, kilikuwa cha mradi wa Mercury, ule wa kumzungusha mtu mmoja mmoja kwenye obiti ya dunia kabla hata Apollo haijaanza kuruka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa, kwahiyo safari za mwezini hakikuzihudumia.

Armstrong kwenye ngazi: kamera ya televisheni ilikuwa imefungwa kwenye kabati la vifaa ubavuni mwa chombo. Akiwa juu ya ngazi akavuta kishikio, kabati likafunguka kuelekea chini, kamera ikaanza kutazama ngazi yenyewe. Ilifungwa kichwa chini miguu juu ndo maana sekunde za mwanzo picha ilitoka imepinduka mpaka fundi wa huku duniani alipoigeuza. Mawimbi yalipokewa na vituo vikiwemo viwili vya Australia, Honeysuckle Creek na Parkes.

Kuondoka kwa Apollo 17: kamera ilikuwa juu ya kigari walichokiegesha mbali kidogo, na aliyekuwa anaizungusha alikuwa amekaa kwenye kiti Houston, jamaa anaitwa Ed Fendell. Tatizo amri inachukua muda kufika mwezini na picha inachukua muda kurudi, kwahiyo ukingoja uone chombo kimeruka ndo uinue kamera umeshachelewa. Ilibidi ahesabu kabla, atume amri ya kuinua kamera wakati kwenye skrini yake chombo bado kimetulia. Apollo 15 kifaa cha kuinulia kamera kilikuwa kibovu, Apollo 16 haikukaa sawa, ya 17 akaipatia. Hakuachwa mtu.

Na dada binti_kamera kwa kuwa uliuliza ya wajukuu, ngoja nikupe mbili za kukufurahisha. Apollo 12, Novemba 1969, Pete Conrad na Alan Bean walitua karibu na roboti ya zamani, Surveyor 3, wakapanga kujipiga wote wawili mbele yake. Wakaingiza kifaa cha kuchelewesha shata kimyakimya bila kuwaambia Houston, lengo picha ikitoka watu wajiulize nani kapiga. Wamefika pale, kifaa kipo kwenye mfuko wa vifaa chini ya mawe na vumbi, wakatafuta wakakikosa, muda ukawatupa mkono. Bean alikuja kukiona wanajiandaa kurudi, akakirusha mbali kwa hasira. Ndo maana picha ya mgando ya wawili pamoja ni adimu kiasi hicho. Bean alipoacha kazi akawa mchoraji, miaka yote iliyobaki akachora mwezi.

Ya pili Charlie Duke wa Apollo 16, Aprili 1972. Alibeba picha ya familia yake, yeye, mke na watoto wawili wa kiume, ikiwa kwenye plastiki, akaiweka juu ya udongo wa mwezi na kuipiga picha. Akaondoka akaiacha.

binti_kamera

Hiyo ya Duke nimeitafuta sasa hivi nimeiona. Kwa jua lile bila hewa ile karatasi itakuwa imeshababuka yote kitambo, rangi za picha hazivumilii hata dirisha la sebuleni. Ila ile picha YA picha ipo, na negative ipo. Mteja wangu akiniuliza tena kwanini namsisitizia atunze negative nina mfano.

Swali la mwisho, hizo kamera ziko wapi?

Nyotamkia

Nyingi ziliachwa hukohuko, walitoa kasha la filamu wakarudi nalo, kamera na lenzi ni uzito na kila kilo iliyobaki ni kilo ya mawe. Kama unataka filamu zote kwa mpangilio tafuta Project Apollo Archive, mwaka 2015 walipandisha Flickr zaidi ya 8,400, pamoja na zilizoungua na zilizobonyezwa kwa bahati mbaya, bure. Ukitaka uelewe nani anafanya nini fungua pembeni Apollo Lunar Surface Journal, maongezi yao yote yamepangwa dakika kwa dakika, picha kwa picha.

Sidanganyiki

Bendera hamjaijibu. Inapepea wakati hewa hamna.

Jiwe_na_Nyundo

Mkuu ina fimbo ya mlalo juu ndani ya pindo, iangalie. Kwenye Apollo 11 fimbo ilikwama haikuvutika mpaka mwisho, kitambaa kikabaki na mikunjo, ndo huo unaouita upepo. Fungua picha mbili zilizofuatana uone kama mikunjo imebadilika. Na ukitaka kubishana zaidi kuna setilaiti ya Wamarekani ya LRO inazunguka mwezi tangu 2009, imepiga sehemu zote sita, vyombo vinaonekana na njia za miguu yao zinaonekana, na Wahindi nao wamepiga ya Apollo 11 kwa chombo chao, hao nao wanamfichia Mmarekani siri?

Sidanganyiki

Nitaziangalia. Sijasema nimekubali. Ila hiyo ya kigari chenye madigadi ya karatasi nimeipenda, binti_kamera ukiprinti saizi ya A3 na fremu unatoza ngapi?

binti_kamera

Kwa wengine bei ya kawaida. Kwako wewe mbishi nusu unalipa kwanza, njoo inbox.